Programu Inapokataa Kupakuliwa: Mwongozo kwa Watumiaji wa Simu Janja

Miongoni mwa maswali ambayo waamini hutuletea baada ya Misa, yapo machache yanayojirudia kama hili: simu imekataa kupakua programu. Mama mmoja anataka masomo ya Misa ya kila siku. Mzee ameambiwa na benki yake kwamba huduma sasa inapatikana kwenye simu. Katibu wa Jumuiya anahitaji WhatsApp ili apokee matangazo ya parokia na kuyafikisha kwa wenzake. Kitufe kimebonyezwa, duara linazunguka, neno "Inasubiri" limekaa pale tangu asubuhi, na bando linaelekea kwisha.

Jambo hili laonekana dogo, lakini lina mahali linapoishia. Mtu akichoka kusubiri hutafuta njia ya mkato: hupokea faili kutoka kwa mtu asiyemfahamu vizuri, au humkabidhi kijana wa kibandani simu yake pamoja na namba ya siri. Katika simu hiyo hiyo mna akiba yake ya M-Pesa au Airtel Money, pengine na fedha za Jumuiya alizoaminiwa kuzitunza, na namba za ndugu zake wote. Ndiyo sababu tumeona vema kulieleza jambo hili kwa kirefu. Vizuizi vingi mwenye simu anaweza kuviondoa mwenyewe bila kulipa senti. Na vile asivyoweza kuviondoa, asijaribu kuvikwepa kwa kupitia dirishani.

Tutatumia neno programu kwa kile ambacho wengi hukiita aplikesheni. Sehemu kubwa ya makala inahusu simu za Android, yaani Tecno, Infinix, itel, Samsung na nyinginezo, kwa kuwa ndizo zilizoenea hapa Arusha. Majina ya vipengele hutofautiana kidogo kati ya simu na simu, lakini mpangilio wake unafanana.

Soma kwanza simu inasema nini

Mara nyingi simu hueleza yenyewe kinachoisumbua, ila wengi huufuta ujumbe kabla ya kuusoma. "Inasubiri" ni tofauti na "Inasubiri Wi-Fi", na zote mbili ni tofauti na ujumbe kwamba nafasi haitoshi au kwamba kifaa hakioani na programu. Kila ujumbe una tiba yake. Ikiwa maneno ni ya Kiingereza na hayaeleweki, nenda kwenye Mipangilio, sehemu ya Mfumo, kisha Lugha, uchague Kiswahili. Simu nyingi za Android zinacho, na wengi hawajui. Wazee wanaotumia simu za watoto wao wangenufaika sana na badiliko hilo moja tu.

Laini, bando na mlima

Kabla ya kulaumu mtandao, angalia laini. Simu nyingi zina laini mbili, na si ajabu mtu akanunua bando kwenye laini ya kwanza huku data ikiwa imewashwa kwenye laini ya pili. Simu itajaribu kupakua kwa salio la laini isiyo na bando, italimaliza, kisha itasimama. Katika Mipangilio, sehemu ya laini, hakikisha kwamba laini ya data ni ile ile yenye bando.

Kisha angalia aina ya bando. Yapo mabando ya bei nafuu yanayouzwa kwa ajili ya mitandao ya kijamii pekee. Mwenye bando la namna hiyo hutuma picha WhatsApp bila shida, akaamini kwamba intaneti ipo, kumbe duka la programu halimo katika bando lake. Dalili yake ndiyo hiyo: WhatsApp inafanya kazi, vingine vyote vimelala. Dawa ni kununua bando la intaneti la kawaida, hata dogo, baada ya kuangalia ukubwa wa programu unaoonyeshwa dukani.

Kizuizi kingine kimo ndani ya duka lenyewe. Google Play ina mpangilio unaoamua kama upakuaji ufanyike kwa Wi-Fi pekee au kwa mtandao wowote. Kwa nchi ambayo watu wengi hutumia bando la simu na hawana Wi-Fi nyumbani, mpangilio wa Wi-Fi pekee ni sawa na kufunga mlango na kutupa ufunguo. Fungua Google Play, gusa picha ya akaunti yako juu kulia, ingia kwenye Mipangilio, tafuta mapendeleo ya mtandao, kisha uruhusu upakuaji kwa mtandao wowote. Hapo hapo zuia programu zisijisasishe zenyewe isipokuwa kwa Wi-Fi, la sivyo bando lako litakwenda kulisha programu ambazo hukuziomba.

Sasa tuje kwenye mlima. Meru una urefu wa mita 4,566, na sisi tunaoishi kuuzunguka tunajua kwamba mawimbi ya simu hayapiti ndani ya mwamba. Katika makorongo ya Akheri na Nkoaranga, katikati ya migomba na kahawa, au upande wa Ngarenanyuki ambako mlima wenyewe unasimama kati yako na mji, simu inaweza kushuka kutoka 4G hadi herufi E juu ya kioo. Herufi hiyo inamaanisha mtandao wa kizazi cha pili. Tupige hesabu: kwa kasi ya kilobiti 100 kwa sekunde, programu ya megabaiti 60 huhitaji dakika 80, na hiyo ni endapo mawimbi hayatakatika hata mara moja. Hapo simu haina ubovu. Panda mahali palipo wazi, au subiri siku utakapokwenda Usa River, Tengeru au mjini, upakue huko. Saa za usiku wa manane na alfajiri nazo husaidia, kwa sababu mnara unahudumia watu wachache.

Ukiona 4G lakini hakuna kinachosogea, washa hali ya ndegeni kwa nusu dakika kisha uizime. Simu itajiunga upya na mnara. Zima pia kiokoa data na kiokoa betri, kwani vyote viwili husimamisha kazi zinazofanyika nyuma ya pazia. Kama umewasha VPN, izime. Wengine waliiweka zamani kwa sababu fulani wakaisahau, nayo huendelea kuzungusha mawasiliano yote kupitia nchi ya mbali. Tena tangazo la Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, la Oktoba 2023 liliwataka wanaotumia VPN wazisajili.

Mara chache tatizo liko mbali kabisa na simu yako. Tarehe 12 Mei 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilizolazwa chini ya Bahari ya Hindi zilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoathirika zaidi katika ukanda wetu. Siku kama hiyo hakuna mpangilio wa simu utakaosaidia. Muulize jirani mwenye mtandao mwingine. Naye akiwa amekwama, weka simu mezani ufanye kazi nyingine.

Angalizo moja kwa wanaopewa intaneti na rafiki kwa njia ya hotspoti. Simu yako huihesabu kuwa Wi-Fi, na hivyo inaweza kuanza kusasisha programu 20 kwa mpigo kwa bando la mwenzako. Urafiki umewahi kuingia doa kwa jambo dogo kuliko hilo.

Nafasi ndani ya simu

Simu iliyoandikwa GB 16 haikupi GB 16. Mfumo wa simu wenyewe huchukua sehemu kubwa, na kinachobaki hugawanywa kati ya programu, picha, video na sauti. Zaidi ya hayo, programu hupakuliwa ikiwa imebanwa, kisha hufunguliwa na kupangwa ndani ya simu, kwa hiyo huhitaji nafasi kubwa kuliko kile kipimo unachokiona dukani. Tunashauri kubaki na angalau GB 1 iliyo wazi wakati wote. Simu iliyojaa kabisa hukataa kupakua, na hata kazi zake nyingine huwa nzito.

Nani ameijaza? Kwa waamini wengi jibu ni makundi ya WhatsApp. Mtu mmoja yumo katika kundi la Jumuiya, la kwaya, la WAWATA, la ukoo, la wazazi wa darasa la nne, na la kamati ya harusi ambayo ilikwisha fanyika mwaka juzi. Video moja ya dakika tatu ikitumwa katika makundi kadhaa huweza kuhifadhiwa zaidi ya mara moja. Ndani ya WhatsApp, fungua Mipangilio, kisha sehemu ya hifadhi na data, kisha sehemu ya kudhibiti hifadhi. Utaona orodha ya makundi kwa ukubwa, na video nzito zikiwa juu. Anza na zile. Kadi za salamu za asubuhi zenye maua na jua linalochomoza zinaweza kufutwa zote bila kumkosea mtu heshima. Kisha, katika sehemu hiyo ya hifadhi na data, zuia picha na video zisijipakue zenyewe. Utagusa tu ile unayotaka kuiona.

Lakini tafadhali usifute kwa hasira. Picha ya Komunyo ya Kwanza ya mtoto, sauti ya mwisho ya mzazi aliyefariki, video ya misa ya mazishi: vitu hivi havirudi. Vihamishie kwanza kwenye kadi ya kumbukumbu au kompyuta, hakikisha vinafunguka huko, ndipo uvifute kwenye simu. Kadi ya kumbukumbu, kwa bahati mbaya, husaidia zaidi kwa picha na muziki kuliko kwa programu, kwani simu nyingi huzihifadhi programu katika nafasi yake ya ndani tu.

Hapa tuseme neno la tahadhari kubwa. Katika orodha ya programu, kila programu ina vitufe viwili vinavyofanana: kufuta akiba, na kufuta data. Kufuta akiba huondoa vitu vya muda ambavyo programu itavitengeneza tena, na hakuna hasara. Kufuta data ni kuirudisha programu kama ilivyokuwa siku ya kwanza. Ukifanya hivyo kwa WhatsApp bila kuwa na nakala iliyohifadhiwa, mazungumzo yako ya miaka mingi yanaweza kupotea. Wako waliofuata maelekezo ya haraka ya mtu barabarani wakapoteza yote kwa kugusa mara moja.

Akaunti ya nani?

Google Play haifanyi kazi bila akaunti ya Google, na hapa ndipo tunapokuta tatizo zito kuliko yote. Simu nyingi zilizonunuliwa vibandani hutoka zikiwa na akaunti iliyofunguliwa na muuzaji. Alifanya kwa nia njema: mteja alikuwa na haraka, hakuwa na barua pepe, basi muuzaji akabuni jina na nywila, WhatsApp ikaingia, kila mtu akaenda zake. Miezi minane baadaye duka linadai nywila, mwenye simu haijui, na muuzaji amehama au haikumbuki.

Kushindwa kupakua ni sehemu ndogo tu ya hasara. Anayejua nywila ya akaunti iliyomo ndani ya simu yako anaweza kuona mahali simu ilipo, majina na namba ulizohifadhi, na picha ikiwa zinanakiliwa kwenye akaunti hiyo. Anaweza kuifunga simu akiwa mbali. Si lazima awe mtu mbaya. Yatosha nywila hiyo hiyo kuwa imetumika katika simu 50 na mmoja wa wale 50 akawa mbaya.

Kwa hiyo kila mwenye simu awe na akaunti yake. Katika Mipangilio, sehemu ya Akaunti, ongeza akaunti mpya kwa jina lako na namba yako ya simu inayofanya kazi. Kisha fungua Google Play, gusa picha juu kulia, na uchague akaunti mpya. Baada ya kuhakikisha kwamba namba za watu na picha zako zimehamia salama, ondoa ile ya muuzaji. Nywila iandike kwenye daftari linalokaa nyumbani pamoja na vyeti vya ubatizo na hati ya kiwanja. Usiiandike nyuma ya simu. Namba uliyoitumia ikibadilika, ibadilishe na kwenye akaunti, maana laini isiyotumika kwa muda mrefu hufungwa, na namba yake inaweza kupewa mtu mwingine. Mtoto wa chini ya miaka 13 hafungui akaunti peke yake. Mzazi humfungulia iliyo chini ya uangalizi wake.

Tarehe na saa

Angalia kalenda ya simu. Simu na duka husalimiana kwa kutumia cheti cha kidijitali chenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Simu ambayo betri ilikwisha kabisa ikaamka ikidhani ni mwaka 2015 hukiona cheti hicho kuwa hakijaanza kutumika, nayo hukataa mazungumzo. Ujumbe utakaouona utasema tu kwamba kuna hitilafu ya muunganisho.

Wapo wazee wanaopanga saa ya simu kwa hesabu ya Kiswahili: saa moja asubuhi, simu inasoma 1:00 badala ya 7:00. Tunawaelewa, na tofauti hiyo ya saa sita peke yake mara nyingi haizuii upakuaji. Lakini huvuruga mpaka wa siku na kalenda, na baadhi ya programu za benki huikataa. Afadhali kuwasha tarehe na saa ya kiotomatiki, na saa ya Kiswahili ibaki kichwani, ambako imekaa salama tangu enzi za mababu.

Duka lenyewe linapokwama

Ikiwa laini, nafasi, akaunti na tarehe ni sawa, bado neno "Inasubiri" linaweza kuwapo kwa sababu kuna foleni. Ndani ya Google Play, gusa picha juu kulia, ingia sehemu ya kudhibiti programu na kifaa, na utaona kama kuna masasisho yanayoendelea. Yasimamishe yote, kisha rudi kwenye programu unayoitaka.

Isipotosha, zima simu na kuiwasha. Watu hudharau ushauri huu, lakini huondoa mikwamo mingi. Baada ya hapo nenda Mipangilio, Programu, tafuta Google Play, ilazimishe kusimama, kisha futa akiba yake. Kwa duka hili hata kufuta data hakuna madhara: programu zako na picha zako hubaki, ila utapaswa kurudisha ule mpangilio wa Wi-Fi tulioutaja. Njia ya mwisho ni kuondoa masasisho ya Google Play kwa kugusa vitone vitatu juu kulia. Duka litarudi katika hali yake ya mwanzo na kujisasisha upya.

Simu iliyozeeka, simu ya bandia

Ujumbe kwamba kifaa hakioani mara nyingi una maana kwamba mfumo wa simu ni wa zamani kuliko programu inavyotaka. Tangu 1 Januari 2025 WhatsApp haitumiki tena kwenye Android 4.4, na mwaka 2025 iPhone ilianza kuhitaji angalau iOS 15.1, jambo lililoziacha nyuma iPhone 5s, 6 na 6 Plus. Jaribu kwanza kusasisha mfumo kupitia Mipangilio. Ikiwa mtengenezaji hatoi tena masasisho, hakuna fundi atakayeugeuza mwaka, na fedha za kumlipa ni heri ziwekwe akiba kwa ajili ya simu nyingine. Simu za Huawei zilizotoka baada ya Google kusitisha ushirikiano nayo mwaka 2019 hazina Google Play. Duka lao ni AppGallery.

Yako pia mambo ya udanganyifu. Simu ya bandia huweza kujitangaza kuwa na GB 128 na Android mpya, kumbe ndani ni tofauti kabisa. Piga *#06# upate namba ya IMEI, kisha uitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, huduma ya TCRA inayotambua simu. Huduma hiyo ilitumika wakati wa kuzima simu bandia mnamo Juni 2016, nayo huwafaa hasa wanaonunua simu iliyotumika. Fanya hivyo kabla ya kutoa fedha, ukiwa bado umesimama mbele ya muuzaji.

iPhone, na simu zilizotoka ughaibuni

Kwa iPhone, duka likidai uthibitisho wa malipo hata kwa programu ya bure, kwa kawaida kuna kadi ya zamani au deni lililobaki kwenye akaunti. Liondoe hilo kwanza. Programu inayozidi megabaiti 200 huweza kuomba ruhusa kabla ya kutumia bando, na mpangilio wake uko sehemu ya App Store.

Simu zinazoletwa na ndugu kutoka Oman, Dubai au Marekani zina tatizo lake: akaunti iliyomo husajiliwa kwa nchi ile, na hivyo programu za benki zetu huweza zisionekane kabisa. Google huruhusu kubadilisha nchi ya akaunti mara moja kwa mwaka. Ni rahisi zaidi kufungua akaunti mpya ukiwa hapa nyumbani.

Faili linalotumwa WhatsApp

Tumefika kwenye njia ya mkato tuliyoitaja mwanzoni. Programu ikishindikana dukani, hutokea mtu akasema, "Ngoja nikurushie." Anachorusha ni faili la APK, yaani programu iliyotolewa nje ya duka, kwa WhatsApp au Xender. Simu itaonya kwamba chanzo hakijulikani, nawe utaambiwa ubonyeze ruhusu. Hatusemi kila faili la namna hiyo lina sumu. Tunasema kwamba wewe na mimi hatuna njia ya kujua, na aliyekurushia naye kwa kawaida hajui, alirushiwa.

GB WhatsApp ni mfano ulio karibu. Wengi waliipenda kwa vionjo vyake, lakini haikutengenezwa na kampuni ya WhatsApp, na kampuni hiyo huzifungia kwa muda akaunti zinazoitumia. Kiongozi wa Jumuiya akifungiwa namba, matangazo ya familia 30 yanasimama.

Zito zaidi ni programu za mikopo ya haraka. Mnamo Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikitoa mikopo mtandaoni bila leseni. Mbinu mbaya zaidi ya wakopeshaji wa namna hiyo inafahamika: programu husoma namba zote za simu ya mkopaji, na akichelewa kulipa, ujumbe wa kumdhalilisha hutumwa kwa mwajiri, wakwe, hata padre wake. Tangu 31 Mei 2023, kanuni za Google Play zinakataza programu za mikopo binafsi kuchukua namba na picha za mtumiaji. Basi fikiri: programu ya mkopo isiyopatikana dukani, inayosisitiza uipakue kwa kiungo kilichotumwa, inakwepa nini? Hapo kushindwa kupakua ni ulinzi. Ukihitaji mkopo, angalia kwanza kama mtoaji ana leseni ya Benki Kuu, au zungumza na wenzako katika chama cha kuweka na kukopa.

Ikiwa tayari uliruhusu mafaili ya nje, rudi Mipangilio, tafuta sehemu ya kusakinisha programu zisizojulikana, na uzime ruhusa kwa WhatsApp, kivinjari na Xender. Kisha ndani ya Google Play fungua Play Protect na uache ichunguze simu. Ujumbe wa kitapeli huripotiwa TCRA kwa namba 15040, na kwa kupiga *106# unaweza kuona ni laini ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako.

Ukilazimika kwenda kwa fundi

Mafundi simu wa Soko Kuu na Kilombero wengi ni vijana hodari wanaojipatia riziki kwa haki. Hata hivyo, mrahisishie fundi uaminifu. Toa laini zako na kadi ya kumbukumbu kabla ya kuacha simu. Namba ya siri ya fedha haihitajiki kwa kazi yoyote ya kupakua programu. Anayeiomba, chukua simu yako uondoke. Kaa karibu ikiwezekana, na uliza jina la kila programu anayoiweka na mahali anapoitoa.

Akisema dawa ni kuirudisha simu katika hali ya kiwandani, mwambie asubiri. Kazi hiyo hufuta kila kitu. Na tangu Android 5.1 ya mwaka 2015, simu iliyofutwa kwa kutumia vitufe vya nje bila kuondolewa akaunti kwanza, ikiwaka tena hudai akaunti ile ile iliyokuwamo. Kama ni ile ya muuzaji wa zamani, ambayo nywila yake haijulikani, utarudi nyumbani na simu isiyoweza kupiga hata kwa mtoto wako. Kwa hiyo, kabla ya fundi kugusa kitufe, fungua sehemu ya Akaunti mbele yake, soma barua pepe iliyoandikwa pale, na uhakikishe kwamba ni yako na nywila yake unayo.